Nafasi ya Kwapani

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kwamba mguu wa shangazi umeanza kukubali kukanyaga chini. Mwambie akichoka na uuguzi wako aturudishie fundi cherehani wetu. Huku sote tu wazima. Mama anakusalimu. Cherehani yako nimeifunika shuka, hakuna aliyeigusa.

Ninaandika badala ya kupiga simu kwa sababu unanijua. Kwenye simu ungekohoa mara moja tu, nami ningejibu ndiyo, baba. Karatasi haisikii kikohozi.

Habari ni ya gari lako, lile uliloliunga mwenyewe kwa vipande vilivyokuja ndani ya kreti. Ulimwachia baba mdogo ufunguo na agizo: Jumamosi aliwashe, na siku ya kurudi kwako aje kukupokea kituoni, mama akiwa amekaa mbele kama malkia. Ijumaa nilipotoka kazini niliingia bandani kuchukua ndoo, nikasikia harufu ya petroli. Mimi ni mwoga, hilo halina ubishi. Ofisini wananiita Kengele, maana kila jioni nauliza kama birika limezimwa. Lakini mwoga hunusa mapema. Nilichukua tochi nikalala chali chini ya gari.

Baba, ule mpira wa mafuta ulioutoa kwenye tangi hadi kwenye injini umenyooka kama mshono wa suruali ya bwana harusi. Umeuvuta ukakaza, kisha ukaushona kwenye chasisi kwa waya, fundo baada ya fundo. Kwa macho ni kazi safi. Ila waya umeanza kuung'ata mpira, na kule mbele umepita karibu na bomba la moshi, umekaza hauna hata pumzi. Nilipopitisha kidole, kilirudi kimelowa.

Nikaenda kukichomoa kile kitabu cha maelekezo kilichokuja na kreti ya gari, ulichokiweka chini ya mguu wa meza ya kukatia. Sasa meza inayumba. Hilo tu ndilo ninaloliombea radhi. Kitabu kinasema injini ikiwaka hucheza juu ya vishikizo vyake, kwa hiyo mpira wa mwisho lazima uachiwe ulegevu. Wala sikuhitaji kusoma. Ni wewe uliyenifundisha kwamba shati lisilo na nafasi kwapani huchanika siku mwenyewe anapoinua mkono. Injini nayo itainua mkono, baba. Mteja wako ungemwachia nafasi. Mama je?

Jumamosi baba mdogo alikuja anachezesha ufunguo, na majirani wawili wa kushangilia. Nilimwambia gari haliwashwi. Alicheka, akasema nirudi kwenye kalamu zangu, gari haliendeshwi kwa wino. Kisha akakasirika, akasema mtoto hakagui kazi ya baba yake. Nikapanda nikakaa juu ya boneti. Mama akatoka jikoni na unga mikononi, akauliza kama gari hili ni la kupanda au la kugombania. Nikamwomba ainame anuse tu. Aliinama, akanusa, akanyoosha mgongo taratibu, akamwambia shemeji yake kwamba yeye ni abiria, si kuni. Akanyoosha mkono wenye unga, ufunguo ukatoka.

Baba mdogo ameapa kunishtaki kwako. Na akushtakie. Nimemtangulia.

Sasa sikiliza. Nilikinga petroli yote kwenye dumu, nikang'oa kazi yako, waya kwa waya. Fundi wa gereji ya jirani alinikunjia bomba la chuma, lakini kufunga nimefunga mwenyewe: limepita upande wa pili, mbali na bomba la moshi, limeshikwa na klipu zenye mpira ndani. Linapotoboa bati nimeweka pete ya mpira. Kipande cha mwisho, kile cha mpira mpya kinachoingia kwenye injini, nimekiachia nafasi ya kwapani. Nilirudisha petroli kwenye tangi, nikawasha pampu ya mafuta peke yake bila injini, nikafuta kila kiungo kwa karatasi nyeupe. Ilitoka kavu.

Na mpira wako wa zamani nimeukata vipande vipande, usije ukarudishwa nikiwa kazini. Nimeukata kwa mkasi wako mkubwa, ule usioruhusiwa kukata hata karatasi. Mkasi mwingine ulikuwepo. Nilichagua huo, ili ujue kwamba sikuwa nacheza.

Kutoka kituoni njoo nyumbani kwa basi, baba. Ukifika, ulale chali, uvute kila klipu kwa mkono wako. Ukikuta hata moja inacheza, nifokee mtaa mzima usikie. Kabla ya hapo ufunguo ninao mimi, na sitoi, hata ukohoe.

Msalimie sana shangazi na wote waliopo hapo. Herufi zimepinda, naona: nusu ni meza yako, nusu ni woga wangu. Klipu nilizikaza kwa mikono hii hii.

Ni mimi binti yako,
Kengele