Lori Lililokosa Kuoshwa

Mjukuu wangu Nekesa,

Hapa Lunyo tu wazima. Goti langu linanung'unika, na yule ng'ombe mkorofi amezaa.

Unauliza fundi wako amejuaje kwamba oili inavujia kwenye turbo, ile pampu ya hewa ya injini ya gari lako. Nami ningependa kujua! Swali lako limenikumbusha miaka ya sitini, babu yako alipokuwa akibeba saruji kwa lori kutoka Tororo.

Lori lile lilivuja. Matone yalianguka chini ya injini, kwa hiyo fundi akabadilisha sili ya chini, ule mpira wa kuzuia oili, akabadilisha tena, na bado likavuja. Na kila mara babu yako alilipitisha mtoni kwanza kuliosha. Kumpelekea fundi gari chafu ilikuwa aibu, kama kumpeleka mtoto zahanati hajaoga.

Siku fundi alipotaka kuteremsha injini nzima, mto ulikuwa umefurika. Lori likaja na vumbi lake la saruji. Nikachungulia: injini nyeupe pe, ila mstari mmoja mweusi. Tukaufuata kutoka chini. Ulipanda, ukazunguka nyuma, ukaishia juu kabisa, kwenye mrija mwembamba uliopasuka.

"Mama," fundi akaniambia, "kumbe tumekuwa tukiosha njia ya oili!"

Basi kabla turbo haijatolewa, muutazame mrija unaoipelekea oili. Najua gari umeshaliosha. Wewe ni damu ya babu yako. Ndiyo maana kwenye mzigo wa unga wa muhogo nimefunga kifuko pembeni. Hicho si cha ugali, ni cha kunyunyizia injini.

Bibi yako