Vidole vya Mariamu

Jumatatu, 2 Machi 1998

Nimekanda watatu leo. Mke wa muuza vipuri, mgongo. Bibi kizee wa nyuma ya msikiti, goti. Na mzazi wa siku tisa, ambaye alilala katikati ya kazi, mdomo wazi. Usingizi wake wa kwanza tangu ajifungue. Nimerudi nyumbani nimemkuta Mariamu, mkwe wangu, palepale nilipomwacha. Ngumi ya kulia imefungwa. Siku ya kumi na mbili tangu mwanangu Shabani auawe. Halali. Halii. Hasemi.

Jumatano, 4 Machi

Nimempeleka Mariamu dispanseri, wamesema mfupa wa mkono ni mzima. Wakampa vidonge. Bega limepanda karibu na sikio. Namlisha kwa kijiko.

Jirani kaniuliza, we mkandaji, mbona humkandi mkweo? Nikamjibu yuko edani. Mafuta ni pambo, na mjane hajipambi miezi minne na siku kumi. Nilijibu kwa ukali. Mtaa wetu huu wa Buyenzi, watu wana midomo.

Jumamosi, 7 Machi

Bunduki upande wa Musaga, tangu asubuhi. Huko ndiko Shabani alikokwenda kujaribu gari la mteja alilolitengeneza, mkewe kando. Wenye silaha wakawasimamisha. Hatujui zaidi. Maiti tuliletewa, habari hatukuletewa.

Nimemkasirikia Mariamu leo. Astaghfirullah. Nataka kujua mwanangu alikufa vipi, na anayejua ananitazama tu.

Jumatatu, 9 Machi

Amekataa uji. Kucha zimeingia kiganjani, panatoka usaha. Nimeogopa sana. Nimeshazika mmoja.

Nimekwenda kwa shehe. Akasema, "Mama, kinachokatazwa ni manukato na kujipamba. Mafuta yasiyo na manukato ni dawa. Nani alikuambia dawa ni haramu?"

Hakuna aliyeniambia. Ni ujinga wangu mwenyewe. Siku kumi na tisa mikono hii inazunguka mtaa mzima, na mgonjwa yuko chumbani kwangu.

Jumanne, 10 Machi

Mawese ya uvuguvugu, bila karafuu. Nimeanza na nyayo, mbali na maumivu, kama mama alivyonifundisha. Baridi tupu. Mgongo mafundo matupu. Hakunizuia. Nilipofika kiunoni akashusha pumzi ndefu.

Amekunywa uji nusu kikombe.

Alhamisi, 12 Machi

Amelala kwa muda wa saa mbili. Bega linashuka.

Ijumaa, 13 Machi

Leo nimefika kwenye ngumi. Sikuilazimisha. Nikafungua kidole kimoja, nikakikanda mpaka kikapata joto. Cha pili. Kwenye cha tatu akaanza kulia.

Akasema, "Apana, Mama. Na yeye alinifungua hivi. Walikuwa wanamuvuta, mi nimemushika shati. Akanitoa vidole, kimoja kimoja. Akasema, kimbia, Mariamu. Rudi kwa mama."

Nikamaliza cha nne na cha tano. Sijui kwa nini. Mikono ilikwenda yenyewe. Kisha nikamshika, akalia mpaka adhana ya alasiri.

Jumapili, 15 Machi

Mvua. Mariamu amelala tangu adhuhuri, kiganja wazi juu ya mkeka, kidonda kimeanza kukauka. Wawili wamekuja kukandwa, nimewaambia warudi kesho. Nimekaa karibu yake. Nimemlilia mwanangu polepole, nisimwamshe mkewe.