Fungu la Mpita Njia

Mjukuu wangu Ndahani,

Huku Kibakwe tu wazima; bibi yako anapalilia uwele, na yule ng'ombe mwekundu amezaa. Umeniuliza nilianzaje kumwamini Mungu. Ilikuwa enzi za Mjerumani, nikiponda kokoto za reli Dodoma. Mwenzangu Juma, Mrangi wa Kondoa, alinisimulia kuwa mama yake kila akisonga ugali hutenga fungu la mpita njia, akisema, "Na mwanangu huko aliko atapewa."

Nikaiweka nyundo chini. Nilipokuwa safarini kwenda kuianza kazi hiyo, mama mmoja nisiyemjua alinilisha pale Mpwapwa, nami nikadhani ni bahati tu; kumbe Mungu ndiye huyafikisha mafungu ya akina mama. Tangu siku ile nasali.

Fungu lako tunalitenga. Jana alilila mchuuzi wa chumvi, kwa hiyo najua nawe hukulala njaa.

Babu yako