Ganzi Iliyoumiza Jicho la Baba

Wodi ya Macho,
Benchi la wanaosubiri.
Jumanne, asubuhi.

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. U hali gani, na magoti yanayokusumbua wakati wa baridi yanasemaje? Binamu zangu hawajambo? Sisi huku ni wazima, ingawa uzima wa leo ni wa kukaa na kuinuka. Mama ameshaniambia nichague moja.

Nimesikia habari iliyokufikia, kwamba kaka yako kapigwa na kiharusi na jicho limegeuka. Si kiharusi, Shangazi. Habari hunenepa safarini. Yuko ndani sasa hivi, anafanyiwa jicho la pili, na nisipokuandikia nitaenda kuugonga mlango wa chumba cha upasuaji.

Unajua baba alikuwa na mtoto wa jicho, kushoto na kulia. Kinyozi asiyeona ni hatari kwa masikio ya watu, kwa hiyo tulimsihi mpaka akakubali. Lilianza la kushoto, kabla ya mvua. Walimchoma sindano ya ganzi chini ya jicho, hakusikia maumivu, akatoka akiwatania wauguzi.

Bandeji ilipofunguliwa aliona vizuri, tena kupita kiasi: kila kitu viwili, kimoja juu ya kingine. Akifunika jicho moja, kinabaki kimoja. Tuliambiwa tungoje ganzi iishe. Ganzi ikaisha, viwili vikabaki.

Kwa ubishi wake unaoujua, akarudi kazini. Alimpaka povu jirani yetu seremala, akashika wembe, akalenga shavu. Mimi nilikuwa mlangoni. Wembe ulipita hewani, ukatua sikioni. Damu ilikuwa kidogo tu, na seremala akasema, "Mzee, mbao nitakata mwenyewe, wewe nikate ndevu." Watu wakacheka. Baba hakucheka. Aliufuta wembe, akaufunga kwenye kitambaa, akaenda kukaa nyuma ya duka. Tangu hapo sahani yake ikawa inarudi jikoni nusu.

Nilimfuata daktari hasira zimenijaa. Nikamwambia, "Mmemkata mshipa." Daktari huyo ni mama mtu mzima, hakupandisha sauti. Alisema hakuna kilichokatwa. Ni ganzi yenyewe. Kazi yake ni kuzuia maumivu yasipite kwenye neva, lakini ikitua kwa wingi ndani ya msuli, ni sumu kwa seli zake. Kila seli ya msuli ina kalsiamu iliyofungiwa ghalani, hutoka kidogo kidogo msuli unapotaka kujikaza. Ganzi huuvunja mlango wa ghala. Kalsiamu inafurika, seli inajikaza bila kuachia, inakosa nguvu, inakufa.

"Msuli wa paja ungeota upya, usingejua hata kama uliumia," alisema. "Wa jicho ni mwembamba. Unaota, lakini unaweza kuota na kovu, na kovu linavuta."

"Mbona hamkutuambia mapema?"

"Hutokea mara chache sana. Lakini nilipaswa kuwaambia."

Shangazi, nilikuwa nimejiandaa kugombana. Mtu akikubali kosa mbele yako, ugomvi unaupeleka wapi? Nilizunguka uwanja wa hospitali mpaka mlinzi akaniuliza nimepoteza nini.

Msuli ukapona nusu. Alipewa miwani maalumu inayounganisha vile viwili akitazama mbele. Akitazama chini, vinaachana tena. Na kinyozi kazi yake yote iko chini ya macho. Jicho la pili akalikataa katakata, huku giza lake likizidi.

Daktari ndiye aliyempa njia nyingine: matone ya ganzi juu ya jicho, bila sindano, ila atahisi wanavyomgusa na hatakiwi kutikisika. Mama akasema hawezi. Baba akasema, "Maisha yangu yote nawaambia watu watulie kwenye kiti changu. Nitatulia."

Mlango umefunguka. Si sisi tunaoitwa. Naiacha barua hapa, naenda kusimama karibu na mlango.

*

Nyumbani, majuma kadhaa baadaye.

Nisamehe, barua ilibaki mfukoni. Nilikuwa siamini, nikaogopa kukuandikia jema halafu ligeuke.

Halikugeuka. Alitulia, na jicho la kulia linaona vizuri, linatembea sawasawa. La kushoto bado linavuta akiinamisha macho, na daktari anasema lisipojirekebisha, msuli unaweza kuhamishwa kidogo. Wembe ameuacha. Kazi ya ndevu anaifanya mwenzake wa dukani.

Jana aliniita dukani, akaniketisha kwenye kiti chake. Akavuta stuli ndefu ya mama ya jikoni, aliyoibeba kutoka nyumbani, akakaa nyuma yangu, kichwa changu kikawa mbele ya macho yake hasa, wala si chini. Akachukua mkasi. Kinyozi aliyefanya kazi kwa kusimama tangu ujana wake, sasa amekaa. Alinikata asubuhi nzima, polepole. Upande mmoja umezidi mwingine. Mwenzake alitaka kunisawazishia, nikamwambia asiguse.

Ukimpigia simu, tafadhali usimuulize jicho. Muulize kazi.

Mama anamsalimu sana wifi yake. Nisalimie mzee wa nyumba na binamu zangu wote. Mungu ayape magoti yako nguvu, na akulinde mpaka tuonane.

Ni mimi mtoto wa kaka yako, nikupendaye hata nikiwa situlii,

Kiherehere