Glasi ya Mama Agafia

Mama yangu mpenzi,

Natumaini u mzima huko ugenini Padova, na huyo mzee unayemtunza amepunguza ukali. Sisi hatujambo. Mjukuu wako Ilinca ana siku kumi na mbili, ananyonya vizuri na kulia kwa sauti yako. Baba yake, Grisha, anakusalimu sana.

Unisamehe kwa kutopokea simu zako mwezi wa sita. Mwezi huo nilipimwa damu kliniki kwa ajili ya mimba, nikakutwa na homa ya ini aina ya B. Sikumwambia mtu. Nilijitengea sahani na kijiko changu, Grisha akadhani ni vituko vya mimba.

Ikaja sikukuu ya kijiji. Unaijua glasi ya mama mkwe wangu Agafia: ni moja tu kwa meza nzima, kila mtu anamaliza divai yake na kuirudisha ijazwe kwa ajili ya mwenzake. Kwa ajili ya tumbo langu alinijazia maji ya matunda ya cheri humo humo. Nikakataa. Akaniuliza mbele ya wageni, "We binti, tangu lini midomo yetu imekuwa michafu?" Nikatoka nalia.

Nesi Zinaida, aliyekuwa mezani, alinifuata uani. Nilipomweleza, kwanza alinigombeza. Akasema ningehudhuria darasa lake la wajawazito badala ya kujificha, ningejua kwamba ugonjwa huu hauambukizwi kwa glasi wala kijiko. Hupita kwenye damu, kitandani, na kutoka kwa mama kwenda kwa mtoto wakati wa kuzaa. Na mtoto akichanjwa siku ile ile, mara nyingi sana hunusurika. Akanirudisha mezani, nikanywa nusu, naye akamalizia iliyobaki. Wengine walicheka tu.

Wiki hiyo nilimwambia Grisha. Amepimwa, hana, na amechanjwa. Mama Agafia alipoambiwa akasema, "Kumbe ndiyo hiyo tu? Mie nilidhani unanichukia." Sasa hakuna mjamzito anayepita mlangoni kwake asimpeleke kwa Zinaida.

Ilinca alidungwa sindano zake mbili kabla hajatimiza saa kumi na mbili. Atapimwa akimaliza chanjo zote. Namshukuru Mungu, na Zinaida.

Sasa lile lililonifanya nisipokee simu. Daktari aliyenipima aliniuliza kama wewe umewahi kupimwa, maana huenda niliupata siku uliyonizaa. Nilikukasirikia, mama. Simu ililia nikiitazama. Lakini nilipompakata Ilinca, hasira yote iliniisha. Wewe hukuwa na Zinaida. Ulinipa maziwa yako na kila ulichokuwa nacho, na hili hukulijua. Asante kwa yote.

Basi nenda kapimwe, nakuomba, hata kama hujisikii vibaya. Kisha njoo Pasaka. Mama Agafia ameshasema glasi ni ile ile, nawe utakunywa baada yangu.

Nakubusu mikono,
Binti yako, Steliana