Baba mukwe hataki kupiga 256

(Ni page ya kahie, daftari yangu ya wakati ya vita, inchi yetu Congo ilipokuwa imekatwa vipande. Naiweka hapa vile iko.)

Butembo, Vulamba. Siku ya ine. Mvua tangu asubui, nguo ya mutoto hazikauke, na mimi niko na hasira.

Hasira ya kupenda, mais ni hasira tu.

Mutoto yetu ako na wiki tatu na hajapata jina. Siku ya Yenga, siku ya kanisa, ni ubatizo, na katekista anataka jina kesho. Kwetu Banande hiyo haiko kazi: binti wa kwanza ni Masika, imeisha. Mama yangu anamuita Masika tangu siku ile nilizaa. Mais bwana yangu Célestin ni mutu wa Kasai, mwalimu balituma huku mbele ya vita, na yeye anasema jina ya mutoto wa kwanza lazima itoke mu kinywa ya baba yake. Na baba yake ako Kinshasa.

Papa Anaclet, baba mukwe, sijamuona hata siku moja. Alitumika kazi maisha yake yote ku téléphone ya serikali. Célestin na ndugu zake, batoto bengine bakifundishwa nyimbo, bao balifundishwa code za inchi: 254 Kenya, 255 Tanzania, 256 Uganda, 257 Burundi. Yetu, 243, baliisema bakiwa bamesimama. Sasa Célestin akibeba mutoto, njo anamuimbia hizo. Mutoto analala mbele ya kufika Burundi. Nabacheka bote babili, mais nabapenda sana.

Bon, tatizo ni hii. Tangu vita, huku kwetu réseau ya téléphone inatoka Uganda. Kuita Kinshasa, mu inchi yetu wenyewe, tunapiga zero tatu na 243 kama bageni. Na bao ba Kinshasa bakitutafuta, banapiga 256. Wiki mbili zimepita, Célestin alienda ku cabine ya kupigia téléphone, akamupa baba yake habari ya mutoto na number ya kumuita. Muzee akasikia 256.

"Hiyo ni Uganda. Mimi sina mutoto Uganda."

Akakata.

Tangu pale, kila mara Célestin akiita, jirani yake wa Kinshasa mwenye téléphone anasema Papa amekataa kuja: aite siku atarudia Congo. Célestin anarudi nyumbani, anakula kidogo, anasema, "Papa ako na principe." Principe! Juzi nilimukuta ku jikoni anapangusa macho, akasema ni moshi. Moto hata ilikuwa haijawashwa.

Donc leo nimechoka. Célestin akiwa ku masomo, nikafunga mutoto mugongoni, nikatoka mu mvua mpaka ku cabine ya Maman Jeanne. Sikuaga mutu. Na nikadanganya, Mungu anisamehe: nikaambia ule jirani wa Kinshasa kama ni mambo ya pension ya Papa, pesa yake ya uzee. Muzee akakimbia kuja.

"Allô? Pension?"

"Hapana, Papa. Ni bibi ya Célestin."

Nikasema yote mbiombio asinikatie: "Papa, hakuna mutu amehama. Niko Butembo, nilizaliwa hapa, Célestin anafundisha hapa batoto ba Congo. Number njo ilivuka mupaka, sisi hapana." Mutoto akaamuka mugongoni, akalia na nguvu yake yote.

"Analia nini?"

"Anangoja jina, Papa."

Akakata.

Nikajiambia: kwisha, nimeharibu, sasa Célestin amepoteza baba kabisa juu ya kinywa yangu. Maman Jeanne akanivutia kiti. Sikujua hata nitarudi nyumbani na sura gani.

Na téléphone ikalia.

"Nimeipiga," muzee akasema, na sauti ya mutu amemeza kinini, dawa ya uchungu. "Deux cent cinquante-six. Na vidole vyangu. Number ilibakia mu téléphone ya jirani." Kisha akasema mutoto ni Ngalula, jina ya mama ya Célestin, marehemu. Akauliza kwetu tunamuita nani. Nikajibu: Masika, Papa. "Bon. Masika Ngalula. Baandike yote mbili." Halafu akaniomba nisome number polepole, aiweke mu carnet yake ya number, yenye amepanga inchi kwa inchi. Nikasikia anafunua page, anafunua tena.

"Naiandika ku Congo," akasema. "Nani atanikataza?"

Nililia pale ku cabine bila haya, na Maman Jeanne naye.

Sasa mvua imepungua kidogo. Célestin anarudi saa sita, na sijui nitafunga kinywa namna gani mpaka avue viatu. Akiingia, nianze na jina, ao nianze na baba yake?