Mpishi Tuliyemzika Kapika Tena

Karakana ya Majalada,
Mlango wa nyuma,
Jumapili, 9 Juni.

Mpendwa Kaka,

Hujambo huko uliko? Kile kifua kilichokusumbua wakati wa baridi kimepona, au bado unakohoa na kujifanya hukohoi? Sisi huku wazima, tunashukuru. Mama goti linamsumbua akipanda ngazi, ila mdomo hauna tatizo, anatutuma wote kama kawaida. Baba naye mzima, macho tu ndiyo yanazidi kumgomea, na habari za miwani hataki kuzisikia. Mimi mwili mzima. Kichwa ndicho sikielewi, na chanzo ni wewe.

Bahasha yako ilifika salama. Nilipoona ni kitabu cha pili cha ile hadithi ya Kijerumani ya mabaharia, nilipiga kelele hadi fundi cherehani wa jirani akaja kuchungulia kama tumevamiwa. Unajua tulivyokipenda cha kwanza, kile ulichotafsiri kwa mkono kwenye madaftari. Kwa vile bahari ya mle hurudisha watu waliozama, mpaka leo Mama akikuta maji yametuama kwenye beseni anauliza yatamleta nani.

Kikaratasi ulichoambatisha nimekisoma hadi kimelegea. Umesema mchapishaji wa huko anasubiri jibu lako, kwamba umechoka, kwamba tukusomee tukwambie kweli, na Baba akisema haifai utaachana na kazi hii kabisa. Kaka, maneno hayo yaliniondolea raha. Wewe na Baba hamjasemeshana tangu siku ile uliyomwambia hutaki kufa unanuka gundi. Leo unamkabidhi yeye uamuzi wa kazi yako? Sikukuelewa, na sidhani kama nimekuelewa hata sasa.

Nilimsomea Baba kikaratasi hicho. Alinawa mikono, akazitandaza zile karatasi zako pana juu ya meza kubwa, akaanza kukunja. Unamjua, hasomi kitu kisichoshonwa, anasema hizo ni karatasi za kufungia maandazi. Akashona kwa uzi wa kitani, akapiga jalada la kitambaa cha buluu, kingo akazikata zikanyooka. Mteja gani amewahi kujalidiwa kitabu kizuri hivyo hapa kwetu? Mimi simjui.

Basi tukaanza kusoma. Mimi nasoma kwa sauti, Baba amefumba macho, Mama anakunja nguo. Ukurasa wa kwanza tu, dhoruba tayari imechacha na nahodha yule mwanamke anamlilia mtu tusiyemjua. Mbele kidogo wakamzika baharini mpishi mmoja kiziwi, kwa heshima zote, Mama akafuta machozi kwa shati la Baba. Nikafungua ukurasa, mpishi huyo hapo anakoroga supu na kulalamikia chumvi.

"Huyu si tumemzika sasa hivi?" Mama akauliza.

Nikamwambia bahari imemrudisha. Baadaye mpishi huyohuyo akapanda melini kwa mara ya kwanza, mabaharia wote wakimuuliza anatoka wapi. Baba akafumbua jicho moja akauliza wamemsahau mara hii? Nikasema labda mtu akifa sura hubadilika. Nilikuwa na jibu kwa kila swali, aibu yangu. Hata ukurasa mmoja ulipoishia na "nahodha akachomoa upanga, akamgeukia adui yake na", kisha uliofuata ukaanza na "vitunguu viwili, basi", niliwaambia hiyo ndiyo mitindo ya kisasa. Baba akasema Wajerumani ni watu wa mashine, huenda na hadithi wanazifungua vipande vipande.

Tulijitahidi mpaka mwisho, kama ule ulikuwa mwisho. Baba akasimama, akajinyoosha, akasema, "Haisomeki hii. Mwambie haifai."

Nilienda kukaa jikoni. Nilikuonea huruma hadi chakula kikanishinda, kwa sababu hata mimi kwa kweli sikuwa nimeelewa chochote, na ningekutetea vipi? Barua ya kukupa habari hiyo nilishaianza. Nashukuru niliiandika kivivu.

Alhamisi tulikuwa na kazi ya vijitabu vya maelekezo ya majiko ya gesi. Nimeshika karatasi moja haijakunjwa bado, naiangalia bila kufikiri lolote. Wewe unakumbuka karatasi za humu zinavyokuja: ukurasa wa kwanza umechapwa ubavuni mwa ule wa mwisho, na ukishakunja na kuzichomeka moja ndani ya nyingine, kila ukurasa unajikuta mahali pake. Nikashtuka. Zako hazikuchapwa hivyo! Mashine ya kazini kwenu imechapa wa kwanza ubavuni mwa wa pili, wa tatu na wa nne mgongoni, mtu asome karatasi pana hivyohivyo ilivyo. Na namba za kurasa hukuweka. Kaka, wewe uliyekulia chini ya meza hii ulisahau kwamba karatasi pana ikiingia humu ndani inakunjwa kabla haijapiga hodi?

Kumbe mpishi hakufufuka. Tulimzika kwanza, tukampikisha, halafu tukamwajiri.

Sasa sikujua nifanye nini. Nikinyamaza, wewe unaacha kazi yako kwa kosa lisilo la tafsiri yako. Nikisema, namwambia Baba kwamba kazi nzuri kuliko zote alizowahi kushona imeharibika, na kwamba macho yake hayakuona kitu ambacho zamani angekiona kwa mbali. Nilizunguka karakana nzima nikihamisha vitu visivyohitaji kuhamishwa. Mama akaniambia, "Mwambie tu. Akikufukuza utalala kwangu," kana kwamba yeye na Baba wana nyumba mbili.

Nikamwambia. Alikichukua kile kitabu, akapitisha kidole mgongoni mwake, juu hadi chini, akarudia. Nilifikiri atanigombeza. Akavuta kisu na kukata uzi wake mwenyewe. Sijawahi kumwona Baba akifumua alichoshona, hata wateja wakorofi walipomtaka afanye hivyo. Nikajifanya natafuta mkasi.

Karatasi tulizikunjua tukazipanga sakafuni, watatu tumepiga magoti, na lile goti la Mama likiwemo. Mama aliongoza kwa kumfuata mpishi: hapa yuko hai, hapa anaumwa, hapa marehemu. Kisha nikasoma upya tangu mwanzo wa kweli.

Utafikiri sasa nimeelewa. Sijaelewa, Kaka, ila safari hii ni kwa namna nyingine. Nimekutana na ile dira ya nahodha, ambayo mshale wake hauelekei kaskazini bali kwa mtu mwenye hasira naye kuliko wote duniani. Kila akigeuza meli, mshale unamwonyesha baba yake, mshona matanga aliyemwacha peke yake na kazi yake. Nilipofika hapo Baba aliacha kujikuna. Yule mzee eti hulamba uzi kabla ya kuutunga kwenye sindano! Huyo mzee yumo kwenye Kijerumani, au umemtia wewe? Nimeuliza kwa sababu nilishindwa kumtazama Baba wakati nasoma.

Na mwisho ndio umenivuruga kabisa. Nahodha anaamka, anaikuta dira imemwachia. Mshale unazunguka tu, hauelekei kokote, naye hajui kama mzee amekufa au hasira zimemwisha. Na kitabu kinaishia hapo! Ni ungwana gani huu? Mama anasema mzee amekufa, na amemwombea. Mimi asubuhi nasema amekufa, jioni nasema amesamehe. Tumebishana hadi mchuzi ukaungua.

Mama anakusalimu sana, anasema vaa kitu cha kuziba kifua, na mpishi umfikirie, hakustahili kufa na homa. Shangazi anakusalimu, amenenepa, anataka aambiwe amepungua. Fundi cherehani anauliza kama kweli huko mnakuwa na mabaharia wa aina hiyo. Msalimie wifi, mwambie tunangoja picha.

Salamu za Baba nimeziacha mwisho kwa sababu hata kuziandika sijui niziandikeje. Leo nilipokaa na kalamu nilimwuliza nikuambie nini, inafaa au haifai, maana mchapishaji anasubiri nawe umesema utafuata neno lake. Alikuwa anazishona upya zile karatasi, safari hii bila kuzikunja, moja moja, kazi inayoumiza vidole. Nikauliza tena. Akalamba uzi, akautunga kwa shida, nikamwacha autunge mwenyewe.

"Yule mshona matanga," akasema, "hajafa. Mwambie hajafa."

Nikamwuliza amejuaje, na kitabu cha tatu hakuna aliyekisoma humu ndani. Hakuinua kichwa.

"Wewe andika hivyohivyo."

Basi nimeandika hivyohivyo, Kaka. Mungu akutunze huko, akupe pumzi na usingizi.

Ni mimi dada yako akupendaye hata asipokuelewa,

Kitindamimba